Papa Grégoire na Proclamation ya Damu

Kama umewahi kulala mu ile lopitali ndogo ya mutelemuko, huku Ibanda ya Bukavu, Papa Grégoire unamujua hata kama ulifunga macho. Filimbi utakuwa uliisikia. Mwanaume wa karibu miaka sitini, tumbo inamutangulia, blouse nyeupe ya kazi imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na filimbi ya shule mu shingo. Kazi yake ni kine: munganga anapasua, kine anarudishia mugonjwa miguu. Mbele ya hapo alifundisha gymnastique ku shule ya masista miaka makumi mbili na mbili. Alipoacha shule na wanafunzi wakamuponyoka, tamaa yake ya kukimbiza watu akaihamishia kwa wagonjwa, maana hao hawawezi kukimbia mbali.

Neno lake lilikuwa moja: damu ikilala, inaoza. Umepasuliwa juzi? Simama. Unakohoa? Panda. Mwisho wa salle wanamolala wanawake kuko ngazi za sima kumi na nane, na kwake zile ngazi zilikuwa examen d'État, mutihani wa mwisho wa shule. Nisimuseme bule, hapo alikuwa na haki kidogo. Bukavu ni milima, hakuna mutu anayelala mahali sawasawa. Sisi wa Cimpunda, mulimani, asiyeweza ngazi kumi na nane atashukishwa ku barabara na kubaki pale pale, akisalimia wapita njia.

Kosa lake lilikuwa ku karatasi. Mu ile lopitali, majibu ya damu inapewa familia, na familia njo inaipelekea munganga. Kwa hiyo karatasi za labo zinalala mu fundo za vikwembe vyetu vya kiunoni, sisi wenye kulinda wagonjwa. Kila asubuhi Papa Grégoire alizikusanya, akavaa lunette ya macho, akasimama katikati ya salle na kusoma kwa sauti, sawa siku ya proclamation, ya kutangaza nani amefaulu, mwisho wa mwaka wa shule, wazazi wamejaa ku uwanja.

"Maman Carine, hemoglobine, treize virgule deux. Distinction!"

Makofi. Hemoglobine njo nguvu ya damu, na kumi na tatu inatosha. Kisha aliyefuata.

"Maman wa dirishani, huit. Nane tu, maman? Unakulaka nini kwako?"

Kicheko. Baada ya pale anapiga filimbi, na wote, wa distinction na wa échec, wanapelekwa ku ngazi zile zile. Mimi nilikuwa ninajiuliza, kama aliyefaulu na aliyeanguka wanapanda pamoja, amevaa lunette ya nini?

Basi tabia ikazaliwa. Wenye karatasi mbaya wakaanza kuzificha, sawa mutoto anavyoficha bulletin ya shule chini ya godoro. Na mimi, ambaye kila siku ninacheka watu, nilikuwa kati yao.

Mudogo wangu Eulalie, kitinda mimba wa mama yetu, alikuja kutolewa uvimbe mu tumbo la uzazi. Mbele ya kupasuliwa, karatasi yake ilisema onze virgule huit, karibu kumi na mbili, na nilitembea nayo mu kikwembe kama mutu aliyebeba barua ya askofu. Siku ya tatu baada ya kupasuliwa, asubuhi, wakaniletea mupya. Shule yangu iliishia darasa la tatu na herufi zinanichosha, lakini nimeuzisha samaki sambaza miaka makumi ine, namba haiwezi kunidanganya. Cinq virgule neuf. Tano na kitu. Nusu ya mudogo wangu ilikuwa imepotea.

Niliuliza Munganga Barthélemy, aliyemupasua, iko wapi. Wakaniambia iko mu chumba cha kupasulia, ataiona wakati wa kuzunguka. Nikaifunga mu fundo. Eulalie alikuwa amelala, midomo rangi ya majivu, ananiambia moyo unamupiga sawa mashine ya kusaga muhogo.

Filimbi ikalia.

Ku kitanda cha jirani alikuwa Maman Ornella, présidente wa mamans wa parokia yake. Huyo hata dawa alikuwa anaimeza kama anafungua mukutano. Alikuwa amepigiwa makofi sasa hivi, douze virgule un, kumi na mbili na kitu, na akanigeuzia uso wa kuuliza yetu ni ngapi. Uso ulitosha.

Papa Grégoire akanyoosha mukono kwangu; wabibi wa umri wangu anatuita koko. "Koko, leta bulletin ya mudogo wako."

Mu fundo yangu mulikuwa karatasi mbili. Ningeweza kuandika hapa kwamba mukono ulienda wenyewe. Haukuenda wenyewe. Nilichagua. Nilitoa ile nzuri.

"Onze virgule huit. Satisfaction!" akasoma. Makofi. Tarehe ilikuwa pale juu, ku pembe, kubwa. Mutu aliyeandika tarehe ku tableau ya darasa miaka makumi mbili na mbili hakuiangalia.

Akamusimamisha Eulalie. Huyu akasema kichwa inazunguka. Nami nikasema labda tumuache apumzike, ngazi hazitakimbia. Papa Grégoire akanipungia ile karatasi mbele ya uso: mwenye onze hazunguki kichwa, koko, huo ni uvivu. Karatasi yangu mwenyewe ikanifunga mudomo.

Tukaanza kupanda, mimi nimemushika mukono wa kushoto. Filimbi moja, ngazi moja. Ku ya ine alikuwa anahema na mudomo wazi. Ku ya tano vidole vyake vilikuwa baridi sawa samaki wa asubuhi. "Yaya," akaniambia, "sioni muzuri." Na bado fundo lilikuwa limefungwa. Nilikuwa ninajiambia, zimebaki kidogo, atashuka, hakuna atakayejua. Wanawake wa salle walikuwa wamesimama ku mulango wanaangalia, na Maman Ornella alikuwa mbele.

Ku ngazi ya saba tukakutana na Madeleine wa labo akishuka. Mwanamuke mufupi, karibu na pensheni, anaongea kama maneno yanahesabiwa. Alikuwa anakuja kuuliza nani mu familia yetu atatoa damu. Akasimama. Akamuangalia Eulalie, akamuangalia Papa Grégoire kule chini.

"Huyu haiko Eulalie wa kitanda cha nane?"

"Yeye mwenyewe. Onze virgule huit."

"Asubuhi nilimupima mara mbili, nikifikiri mashine imekufa. Cinq virgule neuf."

"Karatasi niko nayo hapa, maman."

"Soma tarehe, papa."

Akasoma. Filimbi ikamutoka mu mudomo, ikabaki inaning'inia. Akaniangalia mimi. Ningeweza kusema hawakunipa ingine, na koko kama mimi angeaminiwa. Lakini magoti ya mudogo wangu yalikuwa yanakunjika. Nikamukalisha ku ngazi, nikafungua fundo mbele ya wote.

"Hii njo ya leo," nikasema. "Ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi."

Hakuna aliyecheka. Madeleine akaeleza pale pale, bila kupandisha sauti: chembe nyekundu za damu ni sawa wale wamama wa Bukavu wanaobeba mizigo na mukanda ku kipaji cha uso. Zinabeba pumzi. Wabebaji wakibaki nusu, kila mumoja anakimbia mara mbili, na moyo njo unawasukuma. "Hata akilala, moyo wake iko inapanda Cimpunda," akamuambia Papa Grégoire. "Wewe umemuongezea mulima mwingine."

Wakaleta kiti, Papa Grégoire na infirmier Philémon, mwenye kuchoma sindano, wakamushusha ngazi saba kwa upole kama sanamu ya Bikira siku ya maandamano. Hapo njo nikakumbuka kwamba tangu tufike sijawahi kumuona Papa Grégoire mwenyewe akipanda zile ngazi. Filimbi inapigiwaka chini. Alipofika salle alikuwa anahema kuliko mugonjwa, na blouse ilikuwa imekunjamana sawa kitambaa cha kushikia sufuria.

Josué, mutoto wa kaka yetu, akatoa damu. Ilitakiwa mufuko wa pili wa damu. Papa Grégoire, kwa haya ama kwa kujionyesha, hiyo ni ya Mungu kujua, akatangaza mbele ya salle kwamba atatoa yake, damu ya mwanamichezo. Akaenda labo kifua mbele. Akarudi mbio kidogo, mukono mu mufuko ya blouse. Mufuko wa pili ulitoka kwa muke wa Josué.

Siku zilizofuata nilimuona kine mwingine mu mwili ule ule. Damu ilipofika huit, nane, alimukalisha Eulalie pembeni ya kitanda tu, akamushika mukono na kuhesabu mapigo, macho ku saa. Kesho yake mpaka dirishani. Karatasi alikuwa anaziomba kwa sauti ya chini, anaanza na tarehe, anasoma kimya, anarudisha. Maman Ornella alisubiri makofi wiki muzima.

Tulitoka damu ikiwa neuf virgule six, tisa na nusu hivi. Ngazi kumi na nane, tukapumzika ku ya sita na ku ya kumi na mbili. Papa Grégoire alipanda pamoja nasi, kila ngazi. Juu kabisa akanivuta pembeni, anatoa jasho, na kunionyesha karatasi yake ya labo, imekunjwa mara ine. Madeleine alikuwa amemukatalia kutoa damu, maana mwanaume anatakiwa kuwa na kumi na tatu. Alitaka nimuambie kama hiyo namba ni mbaya sana, maana alikuwa anaogopa kuuliza wanganga.

Nikaiangalia. Nikamuambia aende kwa munganga leo, asingojee kesho, na ngazi aziache.

"Lakini koko," akasema, "tafazali, usiisome kwa sauti."

Nikamukunjia, nikamurudishia. Eulalie alifika Cimpunda saa tisa, alikaa mara tano njiani, na leo anasonga ugali mwenyewe. Neno langu kwa Papa Grégoire nimelishika, sikusoma kwa sauti. Kuandika hakunikataza: dix virgule cinq, kumi na nusu. Échec.