Yule "J.M." mnayemsifia kwa lile gitaa dogo ni mimi, na sikulitengeneza

Wakuu, poleni na majukumu. Kama humu bado kuna walionizidi umri, shikamooni. Ninachoandika hata mke wangu sijawahi kumwambia, na sijaongeza chumvi.

Wiki iliyopita kijana mmoja ali-post picha za gitaa dogo la nyuzi nne, handmade, alilolikuta kwa bibi yake Ikungi. Nyuma limechomwa herufi J.M. Akauliza fundi ni nani.

Comments zikamiminika. Huyo J.M. alikuwa fundi kwelikweli, wa siku hizi hawamfikii.

J.M. ni mimi. Gitaa si langu.

Enzi za vijiji vya ujamaa, upande huohuo wa Ikungi, tulikuwa na karakana ya kijiji. Kazi yetu mipini ya majembe na vitanda. Mwalimu mmoja akarudi likizo na kigitaa chake, akasema kinaitwa ukulele. Mimi na mwenzangu Njiku tukakipima kwa kamba, tukaanza kuiga. Mbao za mninga, nyuzi za mshipi wa kuvulia samaki, gundi ya ngozi ya ng'ombe tuliyochemsha wenyewe (harufu yake msiulize).

Langu lililia kama debe.

La Njiku liliimba, wakuu. Alipopiga wimbo wao wa kutwangia, akina mama waliokuwa wanatwanga uwele walisimamisha mchi wamsikilize, akiwemo binti niliyekuja kumuoa.

Nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakishuki.

Mwenyekiti alishapiga marufuku kuandika majina, kila kitu cha karakana ni mali ya kijiji. Njiku akatii. Na mimi nilitii, hadi tuliposikia anakuja mgeni kutoka mkoani, na atachagua kijana mmoja aende kozi ya useremala.

Nilijua atakayechaguliwa.

Asubuhi ile watu walipokwenda shamba la kijiji nikajifanya nina homa. Nikapasha msumari, nikachoma J.M. nyuma ya gitaa la Njiku.

Mgeni alilishika, akaligeuza, akauliza J.M. ni nani. Mwenyekiti alivyoona mgeni amefurahi, akasahau marufuku yake mwenyewe, akaniita mbele. Nikapewa mkono. Kozi nikaenda mimi, gitaa likabaki kijijini.

Njiku alikuwa amesimama hatua tatu kutoka nilipokuwa. Nikasubiri aseme. Alilichukua, akapitisha kidole kwenye zile herufi, akaniambia taratibu, "Usiliache juani. Gundi ya huku chini haijakauka vizuri."

Basi. Hadi anafariki hakuligusia tena. Na huo utulivu wake nao niliuonea wivu.

Sasa nyie mnaomtafuta fundi kwa herufi, mtapotea. Ingiza kidole kwenye lile tundu la mbele, papasa ndani. Njiku alikuwa anasugua kwa majani ya msasa hata kule ambako jicho halifiki. Mimi ndani ya langu niliacha vibanzi, nani angeona?

Nimekula ugali wa useremala maisha yangu yote kwa kozi ile. Lakini wiki nzima hii nasoma sifa zenu, zina herufi zangu, na zinaniuma vilevile kama ujana wangu. Maana najua anayesifiwa ni nani.

Jana nikamwonyesha mke wangu picha kwenye simu, nikitaka tu asikie watu wanavyonisifia. Akavaa miwani, akatazama.

"Baba Sombi, hilo si gitaa la Njiku?"

Nilikuwa sijamwonyesha picha ya nyuma.

Nikamjibu ndiyo, ni la Njiku. Akanirudishia simu, akaendelea kuchambua mboga, lakini nikamsikia anaimba kwa chini ule wimbo wa kutwangia. Zaidi ya miaka hamsini, wakuu.

Kijana mwenye gitaa, herufi usizifute, ziache ziniaibishe. Ila chini yake andika NJIKU, na usiliache juani.

Nilichojifunza nimekichelewa: jina la mtu unaweza kulifunika, mkono wake huwezi. Wenye maoni karibuni, na wa kunisema aniseme, leo sijitetei.