Mtoto wa Mbega Kifuani kwa Bi Sitara

Mimi nilizaliwa mikononi mwa Bi Sitara, mkunga wa Kariakoo, mama yangu akiwa keshakata tamaa. Basi haya nayaandika kwa shukrani, ingawa shule nilisoma miaka miwili tu.

Mwaka 1934, nami nikiwa nyumbani kwake, Hamis muuza mkaa alikuja kutoka Pugu na kikapu. Ndani mna mtoto wa mbega, mweupe kama pamba. Mama yake alipigwa risasi kwa ajili ya ngozi, na mtoto alikutwa bado kamng'ang'ania.

"Shikamoo, Bibi. Nimeona nikuletee wewe."

"Marahaba. Mimi nazalisha watu, Hamis."

Lakini mikono ilikwisha kumpokea.

Jirani yake, Bi Mauza, akacheka mlangoni. "Shoga, na huyu utamwadhinia?"

Bi Sitara akafanya kama afanyavyo kwa kila kichanga: akatafuna tende, akampaka kaakaani. Mtoto akataka tena, akapewa tena, siku nzima. Kesho yake tumbo limejaa kama ngoma, hanyonyi wala halii.

Hamis alipomwona akashika kichwa. "Bibi, mbega si tumbili. Hawa hula majani. Utamu utamuua."

Nilidhani Bi Sitara atabisha. Mtaa mzima hapana aliyewahi kumkosoa. Akasema tu, "Nimekosea. Nionyeshe majani gani."

Siku kumi alimfunga kifuani kwa kanga, akimsugua tumbo, akimnyonyesha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa, kisha majani machanga ya mti wa mkungu aliyoyatafuna mwenyewe, uso umemkunjika kwa ukakasi. Aliyepanda juu ya pipa kuyachuma ni Bi Mauza yule yule.

Tumbo lilipolegea tukapanda gari la moshi hadi Pugu. Hamis akatupeleka penye mbega. Bi Sitara akamweka mtoto kwenye tawi la chini, akarudi nyuma. Mtoto akalia. Tukangoja mpaka miguu ikafa ganzi. Ndipo jike mmoja akashuka, akamnusa, akampakata, wakapanda zao juu.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Sitara, akafuta macho kwa kanga ile.

Njiani akamuuliza Hamis, "Nani anawapiga?"

"Kaka yangu Zahoro."

"Mkewe anajifungua lini?"

"Mwezi ujao, Bibi."

"Mwambie nitakuja mwenyewe. Ujira wangu ni gobori lake."

Alikwenda kweli. Gobori limo uvunguni mwa kitanda chake mpaka leo, na mtoto wa Zahoro sasa anatembea.