Kiti cha Mbele

Kazi yangu ni kuzungusha wageni. Mtu anashuka kwenye ndege au kwenye treni, ana siku moja tu ya kuiona Kigoma, tajiri wangu ananipigia simu, nami nawasha Landkruza. Naendesha na kueleza kwa wakati mmoja. Shule niliishia kidato cha nne na matokeo yake hayasimuliki, Kiingereza nimekiokota kwa wageni haohao, lakini kwa maneno sijambo. Ziwa likiwa mbele yako, hata bubu atapata la kusema. Ndoto yangu ni kuwa na gari langu mwenyewe, la kijani, lenye paa la kufunguka. Hata jina la kuandika ubavuni nimeshalichagua. Nimelichagua mara nyingi, kila mwezi jingine.

Siku ninayoisimulia sikuwa na mgeni. Nilikuwa na watu wawili, msichana niliyempenda na mama yake, na nilikuwa nataka kitu kimoja tu: mama yule anikubali niwe mkwewe.

Msichana mwenyewe ni fundi cherehani wa Katubuka. Nilimpelekea vitambaa anishonee mifuniko ya viti vya gari, vya bluu iliyoiva, akavishika, akaniuliza kama gari langu nalo limepangiwa shule. Nikacheka mpaka nikasahau kumwachia vipimo. Ikabidi nirudi. Basi nikawa narudi, mara mfuniko umebana, mara umelegea, hadi akaniambia siku moja, bila kuinua macho kwenye sindano, kwamba viti vya gari lile vimeisha na kama nina neno niliseme. Nikalisema.

Mama yake aliletwa kutoka Burundi akiwa mtoto wa mgongoni. Alikulia kijiji kimoja upande wa Kasulu, akaolewa, akafiwa na mume, akahamia Katubuka na mabinti zake wawili, akawa anauza mawese. Mkubwa alishaolewa. Mimi nimelelewa Ujiji na mama mdogo, na yeye ndiye aliyekwenda kupeleka maneno yangu kwa heshima zote. Alipokewa vizuri, akapewa chai, akaambiwa tu kwamba maneno yamesikika na jibu litakuja.

Jibu halikuja. Mimi si mtu wa kusubiri. Nikiwa nabadilisha tairi nikawaza, huyu mama ameishi hapa miaka yote, kila kona anaijua kwa miguu, ndoo kichwani, lakini hajawahi kuiona Kigoma akiwa amekaa. Kwa nini nisimzungushe kama ninavyowazungusha wageni wa kutoka mbali? Akiona kazi yangu, akiona ninavyojua kutunza watu, atasema ndiye huyu. Mama mdogo alikunja uso nilipomwambia. Alisema anayeposa hujiweka mbali kidogo. Nikamtania kwamba enzi zake watu walikuwa wanaposa kwa miguu. Tajiri akanipa gari Jumapili moja isiyo na wageni, nikajaza mafuta, nikaliosha mpaka ndani ya tairi, na kwenye kiti cha nyuma nikaweka mto wa mama mdogo ili yule mama asiumie kwenye mashimo.

Walitoka baada ya ibada, wamevaa vitenge vya sare moja. Nikainama, nikapiga makofi taratibu kama nilivyowaona vijana wa vijijini wakiwasalimu wakubwa, nikamwamkia shikamoo. Aliitikia, akaniuliza nimeamkaje, nyumbani wameamkaje, gari limeamkaje. Binti akamfungulia mlango wa nyuma. Mama akasimama pale, akautazama ule mto, kisha akanitazama mimi kwa muda.

"Nitakaa huku mbele na mwana wanje," akasema.

Mwana wanje ni mwanangu kwa Kirundi, hilo nalijua. Nilitaka kuimba. Nilimshika mkono apande, nikaufunga mlango kama mtu anayefunga kabati la vyombo, nikazunguka mbele ya gari nikijizuia nisikimbie. Msichana alipanda nyuma peke yake. Nilimtazama kwenye kioo nimkonyeze, lakini alikuwa anaangalia nje.

Tulianza na Ujiji. Niliwapitisha barabara ya zamani ya misafara, nikawaeleza habari za pembe za ndovu na za watu waliotembezwa na minyororo, nikawaonyesha miembe mikubwa ya kando ya njia na kuwasimulia, kama ninavyowasimulia wageni, ni nani aliyeipanda. Mama akaniuliza kama hao wageni huwa nawadanganya hivihivi wote au kuna wanaobahatika. Tulicheka. Kule ufukweni mafundi walikuwa wanachonga mbao za mtumbwi, na maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye kuta za nyumba za mwisho. Miti imesimama ziwani kama watu waliokwenda kuoga wakasahau kurudi. Mama alisema hapo palikuwa na soko dogo, alikuwa anakaa na madumu yake palepale kwenye yale mawimbi. Nikapunguza mwendo ili aone vizuri.

Tukarudi mjini, tukapita stesheni, reli inapoishia, tukapandisha vilima vya Bangwe. Rasi ile imeingia ziwani kama kiwiko. Ukiizunguka unayaona maji kulia na kushoto, na barabara ni ya mawe, gari linapanda kwa kuguna. Mama alishika ukingo wa dirisha kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akashika bega langu. Kila shimo, bega langu. Niliendesha nikiwa na furaha hiyo begani.

Juu kabisa nikazima injini. Ng'ambo milima ya Kongo ilikuwa wazi siku hiyo, hata mabonde yake yanaonekana. Nilieleza kina cha ziwa, nikaeleza samaki wasiopatikana kwingine. Nilipomaliza, mama akauliza kwao ni upande gani.

Nikamwonyesha kaskazini, nyuma ya vilima vya Gombe, panapoanza ukungu. Nikamwambia kwamba kutoka hapa hapaonekani. Alipatazama hivyo hivyo. Msichana akashuka, akaja kusimama upande wa dirisha la mama yake, akamfunga vizuri kilemba kilichokuwa kimelegezwa na upepo. Nikawaza kwamba nikishaoa, gari likishakuwa langu, nitawapeleka wote wawili hadi huko.

Chakula tulikula Katonga, kwa mama ntilie mmoja anayechoma migebuka karibu na wanapoanika dagaa. Ugali wa muhogo, mgebuka, mchuzi wa mawese. Mama ntilie alitaka kutupakulia kila mtu na sahani yake. Mama akamkataza. Akasema yeye na kijana wake watakula pamoja, walete sahani moja.

Tukala. Alinivunjia upande wa mgongo wa samaki, ule wenye nyama, akausogeza kwangu. Watu wa pale wananijua, wakapita wakitania kwamba leo nimeleta mgeni asiyehitaji uma. Nilijibu kwa sauti kwamba huyu si mgeni, huyu ni mama. Aliposikia hivyo mama aliacha kutafuna kidogo, kisha akaendelea. Msichana hakula. Alisema hana njaa, akaenda kusimama chini, kwenye mchanga, pembeni ya dagaa.

Mama alipokwenda kunawa, nikamfuata msichana kule mchangani.

"Umefurahi sana," akaniambia.

"Nisifurahi vipi? Mama yako ananipenda."

"Anakupenda." Aliokota dagaa mmoja, akamrudisha. "Hivi nyinyi wa Ujiji hamfundishwi? Mtu hakai bega kwa bega na mkwewe. Wala hali naye chakula. Mume wa dada tangu alete posa mama hajawahi kutafuna mbele yake. Akija nyumbani, mama anapita mlango wa uani."

Nilikuwa bado natabasamu. Nakumbuka hilo, kwa sababu niliuhisi uso wangu ukiwa umebaki hivyo peke yake.

"Wewe umekula naye sahani moja, watu wakiona," akasema. "Amekufanya mwanawe. Mwanawe hawezi kunioa."

Nikamuuliza alijua lini. Alisema tangu mama yake alipoupita ule mlango wa nyuma. Nikamuuliza mbona alinyamaza, akasema nilikuwa naieleza miembe kwa raha sana, angeanzia wapi. Halafu akasema kwamba mama yake hakutaka kunitumia neno la kukataa kwa mdomo wa mtu. Alitaka nijue kwa wema. Alidhani nitaelewa pale pale mlangoni, kama ambavyo mtoto yeyote wa kwao angeelewa.

Nilirudi kwenye gari kabla yao. Sijui wengine hufanya nini wakifika pale. Mimi nilifungua mlango wa nyuma, nikaupigapiga ule mto, nikakung'uta vumbi kwenye mifuniko ya bluu, nikasimama nimeushika mlango. Mama alikuja akijifuta mikono kwenye kitenge.

"Mama," nikamwambia, "naomba sasa ukae nyuma."

Alielewa. Hata yule mama ntilie nadhani alielewa, maana aliacha kupepea moto. Mama alikitazama kile kiti na mlango ulioachama, akaugusa ule mto kwa ncha za vidole. Niliona anataka. Naapa niliona anataka kupanda pale.

"Gari lako ni zuri, mwana wanje," akasema. "Nyuma sikai."

Akazunguka mwenyewe, akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akapanda bila kusaidiwa.

Nikaendesha. Nilikuwa siwezi kukaa kimya, maana kazi yangu haijanifundisha kukaa kimya, nikawa naeleza. Ile ni bandari. Ule ni mti wa nini sijui. Sauti yangu niliisikia ikitoka kama redio ya mtu mwingine. Katikati ya mteremko mama akaniambia nisimamishe pembeni.

Alinisimulia akiwa anatazama mbele. Kwamba mama yake alipovuka mpaka naye yupo mgongoni, walifika kwa watu wasiowajua, upande wa Kasulu, usiku, mvua inanyesha, na watu wale hawakuuliza wametoka wapi wala watakaa hadi lini. Waliwapa chumba, baadaye wakawapa pa kulima. Yeye alinyonya kwa mama wa nyumba ile, kwa kuwa mama yake mwenyewe maziwa yalimkauka njiani. Watu wale hawajawahi kuomba chochote. Mwaka jana walikuja Katubuka wazee wawili, wakaketi, wakamwombea kijana wao binti huyu.

"Sasa ningewajibu nini?" akaniuliza. Hakuwa anauliza kwa kunishinda. Alikuwa anauliza kabisa, kama mtu aliyechoka kulitafuta jibu na anaona labda kijana mwenye maneno mengi atakuwa nalo.

Nikauliza tu, na binti mwenyewe je. Mama akasema nimuulize.

Nikatazama kwenye kioo. "Nilishasema nitakwenda," msichana akajibu, kwa sauti ndogo, na alikuwa ameukumbatia ule mto.

Nyumbani Katubuka mama aliposhuka alinishika mikono yote miwili, akaipiga pamoja taratibu ndani ya mikono yake, ile salamu yao. Akanishukuru kwa kumtembeza. Akasema hajawahi kufanyiwa hivyo tangu azaliwe, na mimi najua alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoniliza nilipokata kona.

Mama mdogo hakunicheka. Alinipa maji, akakaa nami uani hadi nilipomaliza kusimulia, kisha akasema kwamba mtu akifanywa mwana, kuna kazi zake. Nilidhani anasema tu.

Hakuwa anasema tu. Kiangazi kilipoingia akaja mume wa yule dada mkubwa, ametumwa na mama. Alisema binti wa nyumba hapelekwi kwa mume na gari la kukodi kama ana kaka mwenye gari. Mama ananiomba. Kama siwezi, ataelewa.

Nilifikiria kusema gari ni bovu. Nilifikiria kusafiri. Nilikaa na wazo hilo kwa siku kadhaa huku nikizungusha wageni na kuwachekesha, nikirudi nyumbani nalala na viatu. Mwishowe nikaona kwamba kati ya yote niliyotaka kuwa kwenye nyumba ile, hiki ndicho nilichopewa, na nikikataa hata hiki nitakuwa si mtu wao kabisa.

Nikaenda kwa tajiri kuomba gari. Nikalifunga riboni nyeupe. Njia nzima ya Kasulu wanawake waliimba huko nyuma, naye yupo katikati yao amefunikwa kitenge, na mimi nilikuwa nakwepa mashimo yote, hata yale madogo ambayo gari lisingeyasikia. Sikueleza chochote. Hakuna aliyeuliza.

Walitupokea barabarani, wazee kwa vijana, wanapiga makofi. Bwana harusi ni mwalimu, mrefu, mpole, amevaa tai iliyomkaba. Nilitaka sana awe mtu mbaya. Alinifungulia mlango, akaniuliza kama njia ilikuwa salama, akaniambia yeye huwa hawezi safari ndefu bila kichefuchefu, kwa hiyo anawaheshimu sana madereva. Kisha akaniita shemeji.

Niliitika. Wakanikalisha upande wa kaka zake bibi harusi, na kwa vile hakuwa na kaka mwingine, nilikaa kwenye benchi lile peke yangu, wakaniletea chakula kabla ya watu wote.