Mpunga wa Shangazi Tuli

Siku ile ya Rujewa naikumbuka, mwanangu, hata nisipotaka. Juzi uliponionyesha kwenye simu picha yako ukiwa na sare ya urubani, nilicheka, nikakupongeza, kisha nikatoka nje peke yangu. Sasa kaa nikwambie kwa nini.

Nilikuwa kijana, rubani kama utakavyokuwa wewe, lakini siku hiyo aliyeshika usukani ni rafiki yangu Festo. Ndege ilikuwa ndogo, mali ya mfanyabiashara mmoja wa Iringa, nasi tulikuwa tunamrudishia. Festo alizaliwa hapo hapo Rujewa, kwa hiyo ndugu zake walikuja kiwanjani kutuaga. Shangazi yake, Tuli, alitufungia mchele wa safari. Festo, mtu wa mzaha yule, akamwambia apande naye akatembee mjini, na mama wa watu akamfukuza kwa khanga huku anacheka.

Tukapaa. Hatujafika juu, injini ikakohoa, ikazima. Pangaboi likasimama mbele ya macho yetu, na kimya kile, mwanangu, sikuombei ukisikie.

Mbele yetu palikuwa na majaruba ya mpunga ulioiva, tambarare kabisa. Nikapiga kelele, "Festo, shusha hapo hapo mbele!"

"Pale ni shambani kwa shangazi, kaka," akasema. "Mpunga wenyewe umebaki kuvunwa tu."

Akageuza ndege arudi kiwanjani. Namwelewa, na mpaka leo namkasirikia. Sisi wa huku tulichapwa utotoni kwa kukanyaga jaruba la mtu, na nyumba iliyokosa mpunga tunajua inavyolala. Lakini ndege iliyozimika kabla haijapanda juu haina nguvu ya kugeuka. Iliishiwa mwendo, bawa la kushoto likalala, tukaanguka kando ya mfereji. Mimi nilitoka na mguu huu mbovu unaouona. Festo alifia pale pale.

Tulipokutana kumaliza msiba, Shangazi Tuli alikuwa ameshavuna. Akaniwekea sahani ya wali mbele yangu.

"Kula, baba. Ndio huu aliouonea huruma. Angeulaza wote, mimi ningelima tena. Yeye nitamlima wapi?"



Kwa hiyo nisikilize. Injini ikikufia chini chini, usirudi nyuma. Inamisha pua ya ndege upate mwendo, tafuta mahali mbele yako pasipo na watu, ushuke hapo. Usiihurumie ndege wala mahindi wala mpunga wa mtu, hata kama mwenyewe ni mama yako. Mwenye shamba tutakwenda kumwomba radhi pamoja, mimi na wewe, kwa miguu yetu.

Nenda, mwanangu. Mungu akushushe salama kila unapopaa, akupe uzee kama huu wangu, na miguu yote miwili.