Sikuwa na siku ya kuokoka, na ubatizo ulikuwa Jumapili

Wakuu, poleni na kazi za leo.

Mimi huwa nasoma tu hapa na kupita kimya. Leo nimeona niandike. Shule niliishia darasa la nane na kwa simu naandika polepole, kwa hivyo mnivumilie. Haya ni yangu mwenyewe na sijayatia chumvi. Hiyo chumvi karibu iniharibie, mtaona.

Mimi ni msichana wa upande wa Kwa Vonza. Kazi yangu ya asubuhi ni kwenda mtoni na punda kuleta maji.

Kwa wale hamjui mito yetu: wakati wa kiangazi maji hayaonekani, ni mchanga tu. Unachimba shimo, unachota yale machafu ya jana unamwaga, halafu unakaa. Maji mapya yanajikusanya pole pole chini. Ukiwa na haraka unapata matope.

Sasa, kanisani kwetu ukitaka kubatizwa lazima usimame mbele ya watu utoe ushuhuda. Useme uliokoka siku gani na Mungu alikutoa katika mambo gani.

Hapo ndipo shida ilianza.

Wenzangu wa darasa la ubatizo walikuwa na mambo ya kusema. Kyalo alikuwa mlevi mpaka siku moja akalala kwa boma la watu akidhani ni kwao. Mimi nimekulia Sunday school. Siku ya kuokoka nilitafuta kichwani nikaikosa.

Nikaanza kuogopa. Si kuogopa watu tu, ingawa hiyo pia ninayo, hata kuagiza chai hotelini kwangu ni kazi. Niliogopa kwamba pengine mimi si wa Mungu. Wakati wa sifa wengine wanalia. Mimi nasimama tu nikiwaza kama nimefunga punda vizuri.

Nikamwambia Kyalo. Akacheka.

"Kaluki, si uliwahi kaa Mtito Andei? Anzia hapo. Na malori yote yale, nani atauliza?"

Ni kweli nilikaa Mtito, mji wa barabara kuu ambako madereva wa malori hulala, kwa shangazi yangu mwenye hoteli. Nilikuwa naosha vyombo, na giza likiingia shangazi ananifungia mlango. Dhambi yangu kubwa huko ilikuwa kula mandazi yaliyobaki.

Lakini woga ni kitu kibaya. Nilitunga ushuhuda. Pombe nikaweka, madereva nikaweka, na sauti ya kuniita kwa jina nikaweka. Wiki hiyo ya ubatizo, nikiwa kwa shimo nangojea maji, nikaanza kufanya mazoezi kwa sauti kwa sababu nilijua niko peke yangu.

"Nilikuwa nimezama katika ulevi..."

Nikasikia mtu anacheka juu ya ukingo wa mto. Ni Mama Mwende, jirani yetu, na mitungi yake.

"Ulevi wa wapi, Kaluki? Wewe ulirudi kutoka Mtito umenenepa. Walevi hukonda."

Nilitamani mchanga unimeze. Nikamweleza yote nikiangalia chini. Aliacha kucheka, akakalia mtungi mmoja.

"Na maombi yako ya hapa, hayo hutaki kusema?"

"Maombi gani?"

"Si wewe huongeanga na Mungu ukingoja maji? Mara mama amelala vibaya, mara punda ameumia mguu, mara ndengu zinakauka shambani. Sisi tukikupata hivyo hatushukangi. Tunangoja huko juu umalize. Juzi Mama Kioko akaanza kunung'unika."

Wakuu, sikujua kuna watu hunisikia.

Ni kweli huwa naongea pale. Nilianza nikiwa mdogo, wakati mama alianza kuugua, na sijawahi kuyaita maombi. Kwangu maombi yalikuwa yale ya kanisani, ya mikono juu na sauti kubwa. Haya yalikuwa kukaa tu na kumwambia Mungu mambo ya nyumbani. Lakini nikikumbuka vizuri, sijawahi kuondoka kwa lile shimo na moyo mzito kama nilivyofika nao.

Jumapili ikafika. Nilisimama nikishika meza. Nikasema Bwana asifiwe, sauti haikutoka, nikarudia.

Pasta akauliza, "Dada, uliokoka siku gani?"

"Siku siijui, pasta. Asubuhi nikingoja maji mtoni huwa naongea na Mungu. Naona ananisikia. Ni hayo tu."

Pasta aliniangalia, nikajua nimeanguka.

Halafu Mama Kioko akasimama upande wa akina mama.

"Pasta, huyo mbatize haraka. Ametuchelewesha sana huko mtoni tukimngoja yeye na Mungu wake."

Watu wakacheka, pasta pia akacheka, akasema amina. Nikabatizwa siku hiyo hiyo pamoja na wenzangu. Nililia sana, na yalikuwa machozi ya kupumua.

Kesho yake nilikuwa tena kwa shimo. Mama Mwende akafika, na safari hii akashuka.

"Endelea tu," akaniambia. "Na ukimaliza yako, mwambie pia habari ya goti langu."

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa namtafuta Mungu katika hadithi za watu wengine, na kumbe tulikuwa tunaonana kila asubuhi.

Na wewe unayesoma, mahali pako ni wapi? Jikoni, shambani, kwa boda? Andika hapo chini. Nitasoma zote, ila kujibu nitachelewa kidogo.