Paa la Debe Lililoandikwa Bati

Bi Siwema binti Bushiri, muuza vitumbua wa Mtaa wa Sikukuu, hakujua herufi za kizungu hata moja, lakini shule ya wazazi pale Kariakoo ilikuwa roho yake. Ndiye aliyewaendea akina mama nyumba hadi nyumba mwaka wa hamsini na nne, akawaambia wazi: "Moto ukija, nani atatujengea? Tukate bima!" Wengine walimcheka. Shule ya uswahilini ikatiwe bima? Makubwa!

Hakujali, bima ikakatwa. Tena kila Ijumaa, kwa zoezi la kukimbia moto, aligonga kengele mara tatu, watoto wakaacha madaftari, wakashikana mikono wawili wawili mpaka viwanja vya Mnazi Mmoja. Mwalimu Gaudens alinung'unika kwamba anapotezewa kipindi cha hesabu. Haya, mwaka wa tatu moto uliruka kutoka jiko la jirani ukala paa lote, na watoto sitini na wawili, mjukuu wake Sitara akiwemo, wakahesabiwa Mnazi Mmoja wazima. Sasa nani alikuwa anacheka?

Ikabaki bima. Mkaguzi wa elimu alishatamka: muhula ukianza hakuna paa, shule inafungwa moja kwa moja. Bi Siwema akajitanda kanga, akaenda mjini kwenye kampuni ya bima na karatasi yake ya mkataba.

"Shikamoo, mama," karani akamwamkia vizuri, kisha akaifunua ile karatasi. "Hapa pameandikwa bati. Tumekwenda kukagua, lililoungua ni debe. Hatulipi."

Lo! Sikia ujuba huo! Kariakoo nzima, madebe ya mafuta ya taa yakishapasuliwa, yakanyooshwa na kupigiliwa juu ya makuti, watu wanaita bati. Nani asiyejua? Na aliyeandika neno hilo ni huyu huyu karani! Alikuja mwenyewe, akaketi chini ya paa hilo hilo, akala vitumbua sita vya bure, akatazama juu, akauliza, "Bati, siyo?" Akaandika.

"Mwanangu," Bi Siwema akasema, "ulipopokea fedha zetu lilikuwa bati. Limeungua, ndiyo limekuwa debe?"

"Mama, mimi nafuata karatasi tu."

"Na vitumbua vyangu, vililiwa na karatasi?"

Karani akamwambia meneja ana shughuli, arudi baada ya miezi miwili. Miezi miwili, na muhula unaanza Jumatatu! Hawa watu hawana haya hata kidogo.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Gaudens aliegemeza ubao kwenye kibaraza cha kampuni, na watoto wakajaa chini mpaka mlangoni. Meneja alipofika hakupata pa kukanyaga. Akafoka: hawa wanataka nini hapa?

Bi Siwema akamkabili. "Shule yetu ina paa la bati, bwana. Karani wako ameandika, na wewe umetia sahihi. Kwetu mmelitafuta hamkuliona, basi limo humu kwenye karatasi zenu; tumelifuata hapa lilipo." Akawageukia watoto. "Someni, wanangu. Kwa sauti."