Mchanga Uliooshwa Mno

Harufu ya mchanga uliolowa hunirudisha Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya vitanda vyao. Msimu ule maji ya kisima chetu yalikuwa mekundu, na mdogo wangu Mado tumbo halikumwacha. Mama akaenda sokoni kutazama machujio. Lile lenye kishumaa cha udongo cha kuchujia ndani lilimpendeza, lakini alipotajiwa bei alilirudisha mezani taratibu, kama yai la mtu mwingine. La bei nafuu halikuwa na mfuniko, na muuzaji wake mwenyewe alikuwa akinywa soda. Basi Mama akaamua kutengeneza lake: pipa la plastiki, kokoto, makaa yaliyoletwa kutoka Mutshatsha, na mchanga uliooshwa mpaka maji yake yatoke maangavu.

Hapo ndipo tulipokosea. Kasulo hakuna aliyeosha mchanga kwa ajili ya mchanga. Tulipofika beseni la kumi, jirani yetu Tata Kabwe, yaani Baba Kabwe, mchimbaji, alichungulia juu ya ua.

“Mama Mado, muliona mushipa ya madini?”

“Ni muchanga ya kuchujia maji, tata. Mutoto iko mugonjwa.”

“Pole, mama. Na mushipa iko upande gani?”

Jioni walikuja wachimbaji watatu, wakapakua pipa lote wakitafuta madini, wakatuachia tope. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu wageni walikuja na Mado akazidi kuumwa. Tukaosha upya, tukapanga upya. Mama alikuwa amekwisha kuchuja na kuchemsha birika la kwanza alipoingia mnunuzi wa madini na kimashine chake cha kupimia, majirani wenye kusikia uvumi wakimfuata. Akakichomeka kwenye mchanga. Sifuri.

“Mashine inadanganya,” alisema Tata Kabwe.

Mama akampa mnunuzi kikombe. Akanywa, akaomba cha pili, kisha akawageukia watu waliojaa uani. “Ni maji tu.”

Walitawanyika kama waliotoka mazishini. Birika likabaki la Mado, na kabla ya msimu wa mvua kwisha alikuwa akikimbiza kuku.

Niliacha shule mapema, nikazunguka hadi mji wa Musumba, na hadi leo kila nyumba ninayoingia naomba kuonyeshwa wanachujaje maji. Siku hizi naona machujio ya dukani yanayong'aa, nami nakunywa kwa heshima. Lakini sijapata tena maji yaliyokaguliwa na wachimbaji watatu, mnunuzi mmoja na Tata Kabwe, wote wakitumaini kuyakuta machafu kwa madini.